Bustani ya Miaka Kumi na Miwili kwa Siku Nane

Jumamosi, 6 Julai 2024

Vakansi imeanza. Hakuna wanafunzi, hakuna chaki, hakuna kengele. Yaya Cécile, dada yangu mkubwa ninayeishi naye, alinituma chumvi sokoni. Nikapitia kwa Mama Séraphine, yule mjane kutoka Moba anayeuza miche ya maua kando ya barabara. Sikuwa na haja ya mche. Nilikuwa na haja ya Mama Séraphine. Tangu Pasaka napita pale, nasalimia, naendelea. Leo nikasimama.

Akauliza Mwalimu anatafuta nini. Nikasema naangalia tu, nalinganisha na bustani yangu. Akauliza bustani gani. Nikasema ya nyumbani, ya miaka kumi na miwili. Mdomo huu! Akauliza ninaimwagiliaje kiangazi hiki, na robine zenyewe, mabomba ya mtaa mzima, zinakohoa hewa tupu. Nikamjibu kwa utulivu wa mtu aliyefundisha jangwa la Sahara miaka ishirini na sita: mimi, Mama, sipandi maua ya kubembelezwa. Napanda yale yanayovumilia ukame na kudumu mwaka hadi mwaka, bila kumsumbua mtu.

Macho yake yaling'aa! Akasema huyo njo muntu anamutafuta siku zote. Kalemie nzima wanataka mawaridi. Mawaridi yanakufa mwezi wa nane, halafu wanarudi kumtukana yeye. Bustani ya namna hiyo lazima aione kwa macho yake. Jumapili ijayo, baada ya misa.

Nikasema karibu sana.

Nimefika nyumbani, nimeitazama parsele, kiwanja chetu. Kuna vumbi. Kuna gurudumu la lori. Kuna kitunguu kimoja kilichojiotea. Chumvi nimesahau.

Jumapili, 7 Julai

Yaya Cécile amecheka mpaka akashikilia mlango. Akasema niende kumwambia ukweli leo leo, njia ni fupi. Wanawake wanapenda kurahisisha mambo magumu.

Kununua miche kwa Mama Séraphine haiwezekani, atajua. Basi nikaenda kwa jirani, Papa Assumani, aliyekuwa akiendesha boti za kwenda Kigoma na sasa haendeshi chochote ila maneno. Ukuta wake umefunikwa na bugenvilia nyekundu, na sijawahi kumwona akiipa hata kikombe cha maji. Nikamwomba matawi. Akauliza ya nini. Nikasema ya sayansi. Akanipa manane, makubwa, yenye maua tele.

Nimeyachomeka ardhini mstari mmoja. Dakika kumi tu! Bustani! Watu wawili wamesimama barabarani kuangalia. Sielewi kwa nini wengine hulima miaka.

Jumatatu, 8 Julai

Saa sita mchana yote manane yamelala chini kama wanafunzi wa somo la mwisho.

Papa Assumani alichungulia juu ya ukuta. Akaeleza, polepole, kwa furaha kubwa, kwamba tawi lisilo na mizizi halinywi. Ilifaa kukata maua yote, kupunguza majani, kuchomeka kijiti kitupu, na kungoja miezi mitatu. Nikamwambia hilo nalijua. Akauliza kama najua, mbona nimechomeka matawi na maua yake. Nikaingia ndani.

Zimebaki siku sita.

Jumanne, 9 Julai

Wazo lilinijia nikipiga mswaki. Ni wapi Kalemie hakuna anayemwagilia, na maua yapo mwaka mzima? Makaburini! Nikajiambia: Fidèle, una akili.

Nikaenda na jembe dogo na mfuko. Kweli, pervenche kila mahali, nyeupe na za pinki, zinachanua juu ya mchanga mkavu kana kwamba jana ilinyesha. Nilikuwa nimeng'oa saba mlinzi aliponishika kola. Akauliza marehemu huyu ni nani wangu. Nikasema shangazi. Akasoma msalaba, akasema shangazi yangu anaitwa Jean-Baptiste.

Nimerudisha zote saba. Nimefagia safu mbili za makaburi kama adhabu. Mgongo umekwisha. Hata hivyo mlinzi ni mtu mwema. Tulipokunywa maji alinifundisha zipi zinadumu pale bila mkono wa mtu: pervenche, ile yenye miiba na maua madogo mekundu inayoitwa miiba ya Kristo, shubiri, na ile yenye majani marefu yaliyosimama wima, Wafaransa wanaiita ulimi wa mama mkwe. Akasema hiyo hata ukiitupa juu ya jiwe itaendelea kusema.

Jumatano, 10 Julai

Nilipanda mlima kutafuta kaktusi. Nililiona moja kubwa, mikono juu kama kinara cha altare. Nikalikata kwa panga. Likatoa maziwa. Maziwa yakaingia jicho la kushoto.

Sitaandika nilivyopiga kelele. Walionisikia wameshaeleza mtaa mzima.

Yaya Cécile alinimwagia bidoni mbili za maji jichoni, maji ambayo yeye mwenyewe aliyabeba kutoka ziwani. Akasema haya maua yasiyohitaji maji yamekunywa zaidi ya mawaridi. Papa Assumani, juu ya ukuta, akasema lile si kaktusi. Nani alimuuliza?

Alhamisi, 11 Julai

Jicho limevimba. Nilijificha nyuma ya muuza mihogo ili nimwone Mama Séraphine kwa lile lililobaki. Nimeona! Papa Assumani, kwenye kigoda, kando yake, na kofia yake ya unahodha! Anasimulia, mikono hewani. Mama Séraphine anacheka huku anajifuta machozi.

Njama. Anataka kunipiku. Yeye ana ukuta mzima wa bugenvilia, mimi nina kitunguu.

Papa Assumani akaniona. Akaita kwa sauti ya bandarini: Mwalimu, bustani inaendeleaje? Nikajibu inaendelea. Mama Séraphine akasema ana hamu sana na Jumapili. Nilirudi nyumbani kasi, nikagonga mti upande wa kushoto.

Ijumaa, 12 Julai

Papa Assumani alipokwenda kuswali, nilimpigia magoti Yaya Cécile. Mpango mkubwa kuliko yote: yeye ndiye aende kununua kwa Mama Séraphine, aseme ni ya rafiki wa kule Niemba. Amekataa mara tatu. Mara ya nne akaenda, kwa sharti kwamba mimi nibebe maji wiki mbili.

Karudi na miche kumi na moja. Miiba ya Kristo, shubiri, pervenche, ulimi wa mama mkwe na bugenvilia mbili zenye mizizi. Na maagizo: chimba shimo refu, mwagilia mara moja kwa wingi, funika udongo kwa majani makavu, halafu uiache. Usiichungulie kila saa.

Kila mche umefungwa kijitambaa chekundu cha kitenge kwenye shina. Nimeviacha. Vinapendeza.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepanda yote kumi na moja tangu alfajiri. Nimechungulia kila saa.

Shida: inaonekana ya leo. Dawa: nimekata vibao vidogo, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni. *Shubiri, 2012. Miiba ya Kristo, 2014. Ulimi wa mama mkwe, 2013.* Vibao nimevisugua kwa majivu ili vizeeke. Hapo ndipo elimu inapojitofautisha.

Jumapili, 14 Julai

Alikuja! Gauni la misa, kikapu mkononi, jembe dogo ndani ya kikapu.

Akazunguka bustani yote. Akasoma vibao, kimoja kimoja. Mbele ya ulimi wa mama mkwe akainama, akashika kile kitambaa chekundu.

"Mwalimu, huyu wa 2013 amevaa kitenge yangu."

Nikasema kitenge hicho ni maarufu sana.

"Nilikishona Krismasi iliyopita. Vipande vilivyobaki njo hivi."

Nikakisukuma kile kibao kwa kiatu, kikaanguka.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye gurudumu la lori na gauni lake la misa. Akasema alijua tangu Alhamisi. Papa Assumani alikwenda kumweleza yote, makaburini, jicho, matawi manane. Alimwambia, "Mama, muhurumie huyu muntu, atakufa na vile anakupenda."

Msaliti! Nitamshukuru kesho.

Nikauliza kama alijua, kwa nini kaja.

"Nilitaka kuona mwanaume anayechimba makaburi sababu yangu," akasema. "Marehemu bwana yangu hakunichimbia hata muhogo."

Halafu akatoa jembe. Nimekosea kila kitu. Shubiri nimeiweka kivulini, inataka jua. Miiba ya Kristo nimeipanda mlangoni, itararua suruali za wageni wote. Miche imebanana kama watu wanaosubiri boti. Tumeng'oa, tumepanda upya mpaka jioni, magoti kwenye vumbi, yeye anaamuru, mimi natii. Yaya Cécile alikaanga ndagala, vile visamaki vya ziwani. Papa Assumani alialikwa, akala kuliko wote. Mama Séraphine akasema atakuja kila Jumapili kuangalia bustani. Akaangalia bustani akisema hivyo? Hapana. Aliniangalia mimi. Mimi, na jicho moja!

Sijawahi kuwa na siku kama hii. Nimemwapia, mkono juu ya moyo, kwamba sitamdanganya tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeamka naimba. Yaya Cécile kaomba niache.

Jambo moja dogo tu. Jana nikimsindikiza, Mama Séraphine alisema maua yakishika vizuri yataleta nyuki, na yeye asali ndiyo udhaifu wake. Akauliza kama najua lolote kuhusu nyuki. Nikasema nawafuga tangu utoto, kijijini Mpala. Akauliza kama bado ninayo mizinga. Nikasema ipo, kule Zongwe. Mitatu. Akasema Jumapili ataleta chupa.

Kwanza nijue mzinga unafananaje. Pili, nyuki wanaingizwaje humo, na kama ni lazima mtu awepo.

Mitatu! Kwa nini nilisema mitatu? Mmoja ungetosha.