Tuzo ya Sikio la Dhahabu

Ulimi-Mtamu alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, aliposikia wenye studio za filamu wawili wakirushiana maneno. Mmoja alidai mvua ya mwenzake inasikika kama vitunguu vinakaangwa. Mwenzake akajibu kwamba ngumi za filamu zake zinalia kama mtu anakung'uta mkeka.

Watu wazima, wanagombania kelele! Mjanja wetu akainuka na nusu kichwa chake.

"Ndugu zangu, kwani hamjasikia habari za Tuzo ya Sikio la Dhahabu? Uhariri na uchanganyaji bora wa sauti, filamu na televisheni!"

Hawakuwa wamesikia. Wangesikiaje, na tuzo yenyewe ndiyo kwanza inazaliwa?

Akakodi vyumba viwili ghorofani. Cha mbele akakitandika zulia na kochi. Cha ndani akaweka spika tu. Kisha akamtafuta Fundi, dada aliyechanganya sauti za tamthilia, amtengenezee majaji wa sauti tupu, wa kutoka spikani. Fundi akawatoa wote kwenye koo lake mwenyewe, akaongeza viti vinavyoburutwa na jaji mmoja mwenye mafua.

"Wa mafua wa nini?"

"Kaka, nani atamtilia shaka mtu anayepiga chafya?"

Wenye studio wakaja, kila mmoja kwa wakati wake. Mtu anakaa kwenye kochi, anasikia nyuma ya mlango majaji wakitaka kushikana mashati kwa ajili ya kazi yake, kisha ananong'onezwa kwamba ushindi ni wake, imebaki ada ya ukumbi tu. Anatoa, tena anabembeleza ipokelewe. Mkoba wa fedha ulikaa ndani na Fundi, kwa kuwa Ulimi-Mtamu hakuwaamini watu wasemaji, na Fundi alikuwa mpole.

Asubuhi ya kutoroka akagonga mlango. "Dada, mkoba!"

"Subiri kaka, navaa."

Zipu ikalia. Maji yakamiminika. Kifungo kikaanguka, kikabiringika sakafuni. "Aa, kifungo nacho!" Mtu mwenye adabu hasukumi mlango wa mwanamke anayevaa; Ulimi-Mtamu akaketi kusubiri.

Mara wenye studio wakaingia kwa kishindo. Walikuwa wametambiana ushindi uleule hadi wakagundua ujanja. Wakamkaba ukosi, mmoja huku, mwingine kule.

"Fedha zetu!"

"Ziko ndani, lakini jamani, kuna dada anavaa!"

Wote watatu wakasimama kwa heshima. Zipu. Maji. Kifungo.

"Hicho kifungo," akasema yule wa mvua, "si ndicho kilichoanguka sasa hivi?"

Wakausukuma mlango. Spika juu ya kiti. Mlango wa nyuma wazi. Fundi hayupo, mkoba haupo.

Ulimi-Mtamu akakinga uso kwa mikono. Lakini yule wa ngumi alikuwa ameshainama, sikio kwenye spika.

"Msikilizeni kinavyozungukazunguka kabla ya kulala! Huyu dada namwajiri leo."

"Umwajiri wewe? Mimi ndiye niliyemgundua!"

"Na mimi ndiye ninayejua kusikiliza!"

Wakavutana, na ukosi wa mtu ukiwa katikati. Kisha wakamgeukia kwa pamoja.

"Namba yake ya simu unayo?"

Hakuwa nayo. Akanyoosha shati, akatazama pembeni kama mtu anayelinda siri ya serikali.

"Ninayo," akasema taratibu. "Ila nitampa mmoja wenu tu."

Wote wawili wakaingiza mikono mifukoni.