Miche Themanini ya Mama Akiteng

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Malaba. Mvua tangu alfajiri. Daktari Brendah, msimamizi wangu, amepiga simu. Ijumaa anakuja Amukura kuona miti. Miti! Mwaka wa nne huu nasomea shahada ya uzamili ya mazingira na uendelevu wa jamii, kozi ya miaka miwili, na leo ndipo anataka kuona miti. Amesema asiporidhika, chuo kinanifuta.

Tasnifu yangu inasema kwamba Novemba mimi na jamii tulipanda miche themanini kwa mama Akiteng, kuzuia korongo la maji ya mvua linalokula shamba lake. Ukweli: nilifika, nikanywa chai, nikapiga picha korongo, nikaahidi kurudi. Bado ananingoja. Korongo halingoji. Nasikia limebakisha hatua tisa kufika jikoni kwake.

Willis Ikapel, ninayesoma naye, ana miti halisi kule Angurai. Huipima kwa rula kila Jumamosi. Simpendi.

Jumatano, 9 Aprili

Wazo! Mzee Emorut ana kitalu cha miche nyuma ya foleni ya malori. Ni mtu wa kanisa sana. Nimemwambia tunapamba kanisa kwa Jumapili ya Matawi, tunaomba kuazima miche themanini ya grevilea. Amevua kofia. Akasema kazi ya Mungu hawezi kuikataa, ila Jumatatu irudi yote, kila mche ndani ya karatasi yake nyeusi ya nailoni, na asione hata moja imepasuka. Nimeapa. Sikujisikia vibaya kama nilivyotarajia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama Akiteng alikuwa sokoni. Nimepanda yote themanini peke yangu, pamoja na karatasi zake, nikazifukia vizuri ili Jumatatu niing'oe bila kuharibu. Mgongo umekufa. Mbona midogo hivi kwa miezi mitano? Nitasema kiangazi kimeidumaza.

Mama alirudi jioni. Akasimama na kikapu kichwani, akitazama. Kisha akaanza kulia. Akasema alikuwa ameanza kunitilia shaka, nimsamehe.

Nikamsamehe. Nikamwomba tu asitaje siku ya kupanda mbele ya wageni.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku mbaya kuliko zote. Daktari alifika saa nne, na Willis nyuma yake. Nani alimwita Willis? Daktari alitembea kando ya korongo, akaandika, akakubali kwa kichwa. Akasema hakutarajia hata nusu ya hii. Nilianza kufikiria joho langu.

Kisha mama Akiteng akasema kwao mgeni haendi mikono mitupu. Kuku nilikuwa nimemkataza tangu asubuhi, maana Daktari ni Mkatoliki na ni Ijumaa ya Kwaresima. Basi akachukua jembe. Akasema mti hauna Kwaresima, Daktari ataondoka na mche mmoja. Nikamwambia mama, acha, mizizi imeshashika. Akauliza itashikaje tangu jana.

Alichimba mara moja tu. Mche ukatoka mzima, ndani ya karatasi yake.

Akang'oa wa pili. Wa tatu. Willis akasema polepole kwamba hiyo alama nyeupe kwenye karatasi ni ya mzee Emorut. Daktari alifunga daftari, akaingia garini. Ni mama Akiteng aliyeniuliza: "Sasa hii yote ungetoa lini?"

Nikasema Jumatatu. Akaketi chini kwenye matope. Sijawahi kuona aibu namna hii. Sikula chakula cha jioni.

Jumatatu, 14 Aprili

Habari zilimfikia mzee Emorut, akaenda Amukura na mkokoteni, mimi nyuma yake kama mshtakiwa. Tulimkuta mama Akiteng na wanawake wenzake. Walikuwa wameshavua karatasi, wameipanda miche sawasawa, mistari miwili kando ya korongo. Karatasi zimeoshwa na kukunjwa. Mama akamwambia mzee miche hawezi kuirudisha, lakini atakuja kupalilia kitaluni kila Alhamisi mpaka mzee aseme imetosha.

Mzee alitazama korongo, kisha jiko. Akasema, "Mama, wacha ikae." Mimi hakunitazama hata kidogo.

Jumamosi, 19 Aprili

Daktari ameandika. Nimepewa hadi Agosti, nafasi ya mwisho. Nipande kwa mkono wangu, popote, na safari hii atachimba yeye mwenyewe. Nimeisoma barua mara tatu. Ni huruma nisiyoistahili.

Nilikwenda kumwomba mama Akiteng msamaha. Nilimaanisha. Alinionyesha shimo moja tupu mwisho wa mstari, karibu kabisa na jiko, na mche mmoja uliokuwa bado ndani ya karatasi. Akasema huo ameniwekea mimi. Nikiupanda mwenyewe, moyo wake utatulia. Kisha akaingia kunipikia chai.

Nilipiga magoti. Machozi yalinitoka, ya kweli. Niliuweka mche shimoni, nikafukia, nikashindilia udongo kwa viganja vyote viwili. Mama alitoka na kikombe, akautazama, akanishika bega. Akaniita mwanangu.

Karatasi sikuivua. Nimesikia kuna shamba zuri Angurai la kumwonyesha Daktari, na lazima nianze na mche mmoja.