Biskuti za Nusura

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Kazi ya ofisini, ingawa ofisi yenyewe ni nusu ya stoo ya magodoro. Mimi! Msaidizi wa Usalama Kazini, hospitali nzima, kwa majaribio. Nimepewa kizibao cha manjano kinachong'aa, kinanifika magotini. Nimejitazama kwenye kioo cha choo cha wauguzi mpaka muuguzi mmoja akagonga mlango kuuliza kama ninajifungua humo.

Kidato cha pili nilichoishia hakuna aliyekiulizia. Semina ya siku tatu imetosha.

Kazi hii lazima niipate. Hapa pana chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi. Dirisha kubwa, mikeka laini, vitanda vidogo vya mbao, mlango wa pili tu kutoka ofisini kwetu. Ila ni kwa walioajiriwa moja kwa moja. Wa majaribio tuchungulie dirishani. Kifungo wangu (jina lake halisi lipo, lakini tangu ameze kifungo cha shati la baba yake, basi) anashinda kwa mama mkwe. Juzi kamwita mama mkwe "mama". Mimi kaniangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Nafasi ni moja na tuko wawili. Mwenzangu nimembatiza Bwana Vyeti. Vyeti sita kwenye faili la plastiki, na anavifuta vumbi kila saa kama sahani za wageni. Bosi wetu ni Madamu, mama wa makamo anayetafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake. Katueleza kazi. Anataka nusura. Yaani zile ajali zilizokosa kutokea: mtu kateleza hakuanguka, chupa imedondoka haikumpata mtu. Anasema watu huzificha kwa kuogopa kufukuzwa, halafu siku ya siku inakuwa ajali ya kweli. Atakayewafanya watu waseme ndiye atakayebaki.

Bwana Vyeti kapewa wodi. Mimi jikoni, kwa dobi, na ule mteremko wa saruji unaoshuka kutoka jikoni mpaka kwa dobi.

Nimerudi nyumbani na kizibao changu. Kifungo kakiona, kaangua kilio.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna anayesema kitu. Hakuna!

Nimemuuliza mpishi mkuu, mwanaume mwenye tumbo linalofika mahali kabla yake, kama kuna jambo lolote lililonusurika kutokea jikoni. Kasema tangu aanze kazi hapa hajawahi hata kupiga chafya. Kaniambia hayo vidole vitatu vikiwa vimefungwa bandeji. Nikamuuliza na hivyo je? Eti ni baridi.

Dobi naye kasema kuteleza kwake ni kati yake na mke wake.

Kilichonipa faraja ni kwamba Bwana Vyeti naye hana kitu. Kapita wodini akiwatangazia watu kwamba kutosema ni kosa la kinidhamu. Wauguzi wakikiona kizibao chake sasa wanaingia chooni kwa zamu. Lakini sifuri yake kaichorea grafu. Ya rangi! Madamu kaitazama muda mrefu. Sifuri yangu imekaa mdomoni tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo wakati namvisha Kifungo suruali. Mtoto huyu hainui mguu mpaka aone kitu mkononi mwako. Basi na watu wazima nao si watoto waliorefuka?

Mama mkwe ana kopo la biskuti juu ya kabati. La wageni. Wageni wenyewe hawajaja tangu niolewe. Nimelitia mkobani. Nitalirudisha likiwa limejaa, atashangaa tu jinsi biskuti zilivyo mpya.

Nimetangaza jikoni na kwa dobi: nusura moja, biskuti moja. Hakuna kuandikwa jina, hakuna kufukuzwa.

Jamani! Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa na tatu, na zote za kweli. Kuna waya umechunika nyuma ya mashine ya kufulia. Kuna kigae jikoni kinachocheza kama jino la mtoto. Na vile vidole vya mpishi kumbe si baridi, ni mpini wa sufuria kubwa uliolegea. Kasimulia huku anatafuna, mpaka machozi yakamlengalenga. Kasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza bila kumkaripia.

Fundi kaitwa hapo hapo. Madamu kanishika bega. Kaniambia najua kukaa na watu. Bwana Vyeti kasema biskuti si mbinu ya kitaalamu. Kasema hivyo akiikodolea macho ile ya mwisho kwenye sahani.

Wakati wa kuondoka nimepita dirishani kwa watoto. Nimechagua kitanda. Cha pembeni, kisicho na jua.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamechangamka kupita kiasi.

Mpishi kateleza mara nne asubuhi hii. Mara zote mbele yangu, mara zote akiwa na sinia tupu, na kabla ya kuteleza anakohoa ili nigeuke. Dobi kanusurika kuangukiwa na shuka. Shuka moja, kavu. Nikamwambia shuka haiui. Kaniuliza kwani na mimi ni daktari?

Habari imevuka hadi wodini. Mgonjwa wa mguu kaja na magongo yake yote mawili kutoka ng'ambo ya hospitali kunieleza kwamba nusura aanguke akiwa njiani kuja kunieleza. Nimempa. Ningefanyaje? Daktari mmoja kijana kasema nusura ajichome sindano, halafu akachagua biskuti yenye sukari juu.

Nina nusura ishirini na tisa. Bwana Vyeti bado sifuri, na grafu yake ya pili. Kopo liko nusu.

Moyoni najua nyingi ni za uongo. Lakini Madamu alitaka watu waseme, na watu wanasema. Hakutaja wasemeje.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Mama mkwe kaniambia mlangoni, hata viatu sijavua, kwamba Kifungo katembea. Leo asubuhi, kutoka kwenye kiti hadi kwenye beseni, peke yake, huku anacheka. Mama mkwe kanionyesha mahali penyewe kwa kidole, hapa na hapa. Nimemwomba mtoto arudie. Kakaa chini kama mzee aliyekwisha fanya kazi yake ya siku.

Wakati huo huo wa asubuhi mimi nilikuwa nimesimama jikoni namtazama mwanaume mzima akijifanya anaanguka apewe biskuti. Mwanangu anasimama bila mimi. Nimelia nikiwa naosha nepi, maji ya bomba nimeyafungulia kwa nguvu ili nisisikike.

Mama mkwe kaja akasimama nyuma yangu. Nikadhani ananijia kwa sababu ya kopo. Hapana. Kasema nisijali, mtoto akijua njia ya kwenda kwenye beseni atajua na njia ya kuja kwa mama yake. Halafu akauliza kopo lake liko wapi. Nimemwambia nimeliazima hospitalini, kwa wagonjwa. Kaniombea dua. Sasa hiyo dua inaniuma tumboni.

Baba Kifungo yeye kasema niiache kazi, tutaishi hivyo hivyo. Ni rahisi kwake kusema. Yeye, Kifungo anamjua kwa jina.

Sitaiacha. Jumatatu bodi ya hospitali inakuja kukagua, na Madamu ataamua. Nimefikiri sana: hizi nusura ndogo ndogo zinanishusha hadhi. Ndiyo maana leo, kabla ya kutoka kazini, nilipitisha tangazo jipya: nusura kubwa, biskuti mbili. Ndogo, nusu.

Hapo nimecheza kama mtaalamu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kumbe mpishi na dobi walikaa Jumapili nzima wakipanga nusura kubwa. Toroli la chuma la dobi, limejaa shuka mpaka juu, liachiliwe kutoka jikoni lishuke mteremkoni. Dobi angesimama chini kulidaka sekunde ya mwisho. Wangekula mbili mbili. Hawakuniambia, eti walitaka iwe zawadi.

Bodi ikaja saa nne. Mwenyekiti mwenyewe, suti nyeupe, viatu vyeupe, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Madamu kulia kwake. Bwana Vyeti kushoto, kakumbatia grafu tatu. Wakasimama katikati ya mteremko, Bwana Vyeti akieleza kwamba sehemu zake hazijawa na tukio hata moja.

Mimi nilikuwa pembeni, kizibao nimekipiga pasi. Mara namwona dobi anapanda mteremko kwa haraka kuja kwangu. Kaninong'oneza kwamba ana swali moja tu, kama hizo mbili zinaweza kuwa za krimu.

Nikamuuliza mbili za nini.

Kabla hajajibu, mpishi huko juu akakohoa.

Toroli likashuka. Lile toroli lilikuwa na haraka zake! Madamu akaruka kwenye maua. Bwana Vyeti akaruka juu ya Madamu. Mwenyekiti hakuruka popote. Toroli likamchota nyuma ya magoti, akakaa juu ya shuka safi kama bwana harusi, akashuka nalo mteremko wote, akapita mlango wa dobi, akaishia kwenye rundo la magodoro yaliyokuwa yanasubiri kupigwa dawa. Puu!

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo. Kichwani nilikuwa naona kile kitanda cha pembeni kikipewa mtoto wa mtu mwingine, na aibu yake ni kwamba nilikiona kabla ya kumwona yule mzee.

Alikuwa mzima! Hana hata mkwaruzo. Foronya moja begani, basi.

Na hapo ndipo watu wakaanza kufika wakihema. Mpishi, dobi, wapishi wadogo, yule mgonjwa wa magongo (sijui aliwahi vipi), daktari kijana. Wote wamenyoosha mikono kwangu. Mimi nimeiona! Mimi ilinipita hapa! Nusura kubwa hiyo, dada, mbili! Bwana Vyeti naye akaja, majani kwenye nywele, akasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba aliyekuwa karibu zaidi ni yeye.

Mwenyekiti akauliza, polepole, watu hawa wanadai nini.

Mpishi hajui kudanganya wakubwa. Kamweleza yote, toka biskuti ya kwanza. Akamalizia kwamba kwa haki, mheshimiwa, aliyenusurika hasa ni wewe, kwa hiyo anza wewe kupewa.

Mfukoni mwangu ilikuwa imebaki moja, tena imevunjika. Nikampa. Ningefanyaje?

Kaiangalia. Kaila.

Jumanne, 11 Machi

Madamu kaniita. Ana plasta kwenye pua, miwani iko kichwani, mimi nikaogopa hata kumwambia.

Kasema ameomba reli za mteremko ule na breki za matoroli kwa miaka mitatu, bodi inamjibu hakuna fungu. Jana Mwenyekiti kasaini akiwa bado na foronya begani. Kasema vilevile kwamba waya, kigae na mpini vingeua mtu, na kwamba mpishi anaongea sasa hanyamazi. Hapo nikaanza kutabasamu.

Kisha akaniambia niache kutabasamu. Nafasi ya usalama kapewa Bwana Vyeti. Hawezi kuniacha mimi pamoja na watu wazima, kasema, maana wananisikiliza mno.

Nikalia mbele yake. Sikulilia kazi. Nilimweleza habari ya beseni, kiti, na hatua nilizokosa. Nilisema vibaya vibaya, kamasi na kila kitu.

Madamu akaivua miwani kichwani, kumbe anajua ilipo. Akasema mlezi wa chumba cha watoto anataka msaidizi, ajira ya moja kwa moja, mshahara chini kidogo. Kule nitaangalia usalama wa sakafu, soketi na vitanda. Watoto wale hawajui kuigiza kuanguka, kasema, huanguka kweli. Hutaweza kuwaharibu.

Nilimkumbatia. Kasema mbavu, mbavu.

Nimempelekea mama mkwe kopo jipya, limejaa. Kalipokea, kaliweka juu ya kabati, kaniuliza hao wagonjwa wamepona?

Jumatano, 12 Machi

Kifungo yuko nami! Kapata kitanda cha katikati, cha jua, hajali. Saa tatu asubuhi kasimama, kashika kizibao changu, kaacha, kaja hatua mbili mpaka kwenye goti langu. Kasema "mita". Nadhani alikuwa anajaribu kusema mama. Nimekubali hivyo hivyo.

Mlezi ni bibi mkali, mwendo wake wa taratibu, kila kitu kina saa yake. Kula, kulala, kunawa. Nimekaa nikamtazama siku nzima, nikaona pengo moja kubwa: watoto hawa kumi na wanne hawajawahi kufanya zoezi la kukimbia moto. Hata mara moja!

Bwana Vyeti angeanza na grafu. Mimi najua watu. Zoezi likitangazwa haliwi zoezi, kila mtu anajifanya hodari. Lazima liwe la ghafla. Madamu akiona watoto wa mwaka mmoja wametoka kwa mstari, wameshikana mikono, atajuta kuniondoa ofisini.

Kwa hiyo kesho, saa ya usingizi wa mchana, wakiwa wametulia. Bibi sijamwambia. Madamu sijamwambia. Nimemwambia mpishi peke yake, kwa sababu nahitaji aniazime moshi kidogo.