Kiti cha Verlene

Jumapili, 14 Aprili

Nimedanganya kwenye ngazi za kanisa. Si mara ya kwanza, lakini leo kitabu cha nyimbo kilikuwa bado mkononi.

Kosa ni la Royce Tidwell. Alinisimamisha mbele ya watu akaniuliza kama mimi na mke wangu tutashiriki mashindano ya wanandoa ziwani Jumamosi, au nimeamua kupumzika, kwa uzee huu. Nadine, mkewe, akacheka kwa adabu. Nikasikia mdomo wangu ukisema tutakuwepo, tena Verlene hata usingizi hapati kwa hamu.

Verlene hajakanyaga mashua yangu tangu Mei mwaka jana.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Mei ile Verlene alivua samaki aina ya besi, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona katika miaka thelathini na minane ya ndoa na uvuvi hapa Alabama. Tulikuwa tumeshinda. Mimi nikamkausha samaki kwa taulo asiniteleze, nikamning'iniza kwa mdomo wake, nikanyoosha mkono na simu na kupiga picha kumi na moja. Katika ya tisa nilikuwa nimefumba macho, ndiyo maana nikarudia. Samaki akafia kwenye tangi la maji la mashua kabla hatujafika kwenye mizani. Klabu yetu hukata nusu ratili kwa kila samaki aliyekufa. Akina Tidwell wakatupita kwa robo. Kasia la dhahabu, ambalo ndilo zawadi, likaenda kuning'inia juu ya mlango wa Royce.

Verlene hakulilia kasia. Alisema samaki yule alizaliwa kabla hatujanunua gari hili, nami nimemuua kwa ajili ya picha. Kuanzia siku hiyo, akasema, niende mwenyewe.

Siku sita zimebaki. Lazima nimrudishe mashuani bila yeye kujua kwamba namrudisha.

Shajara naificha gereji, droo ya chini ya sanduku la ndoano, chini ya minyoo ya plastiki. Unyoya wa bata ndio alama yangu ya ukurasa. Mwaka mzima Verlene hajaligusa sanduku hilo. Salama kabisa.


Jumatatu, 15 Aprili

Mpango wa kwanza. Verlene hawezi kuona zana zimepangwa vibaya akanyamaza. Ni kama kuona mtu amevaa shati nje ndani. Kwa hiyo nimenunua vyambo bandia kumi na viwili, vyenye rangi za kuumiza macho, vinavyotoa kelele kama njuga, kila kimoja kina ndoano za meno matatu mbele na nyuma. Nikavimwaga mezani. Nikachukua fimbo ya kuvulia iliyo ngumu kuliko zote na kuifunga kwa mshipi mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikakaa kusubiri anirekebishe.

Akatandika kitambaa cha meza juu ya kila kitu na kuandaa chakula cha mchana.

Nilipovuta kiti, ndoano moja ilikuwa imenasa kitambaa na nyingine imenasa suruali yangu. Kitambaa kikaja. Sufuria ya maharage ikaja. Chai baridi ikaja.

Verlene aliniangalia nikiwa sakafuni akasema vile vyambo ni vya maji maangavu, na ziwa letu Aprili lina rangi ya chai hiyo niliyoikalia. Halafu akaenda kuleta dekio.

Lakini alinirekebisha! Nahesabu huu ni ushindi.

Natamani pai yake ya pichi. Hajaoka tangu Pasaka. Simwambii, nisije nikaonekana naomba vitu.


Jumanne, 16 Aprili

Ajabu. Leo nimeamka nakuta pai ya pichi dirishani inapoa. Wala sikusema neno. Wakati mwingine bahati inamkumbuka mtu.

Mpango wa pili. Nimwonyeshe kwamba nimebadilika. Verlene ana sheria yake ya kushika samaki: ukimtoa majini, nawe zuia pumzi. Siku zote nilidhani ni maneno ya kina mama. Sasa nataka anikute nafanya mazoezi, kwa bahati mbaya, huku mlango wa bafu uko wazi.

Besi wa dukani hakuna, hairuhusiwi kuwauza. Nikanunua kambare. Alikuwa amekufa, lakini kwa mazoezi si kitu. Nikajaza bafu maji, nikapiga magoti, nikamtoa, nikazuia pumzi na kuanza kuhesabu. Nilikusudia Verlene aingie nikiwa kwenye ishirini. Alikuwa kwenye simu na dada yake. Nilifika sitini na tatu.

Aliponikuta uso wangu ulikuwa wa zambarau na nilikuwa nimemkumbatia kambare kifuani. Akauliza kama atupishe.

Nikamweleza kwamba ni mazoezi. Akainama, akagusa mikono yangu, akasema mikavu. Mkono mkavu humvua samaki ule ute wake, na ute ndio ngozi yake ya kujikinga na maradhi. Akachukua mkono wangu wa kushoto akauweka chini ya tumbo la kambare. Besi mkubwa habebwi kwa taya peke yake, akasema, hata wewe nikikubeba kwa taya hutapenda. Mkono wake ulikaa juu ya wangu kidogo. Ulikuwa na harufu ya kitunguu.

Kisha akamchukua kambare, akamkaanga kwa unga wa mahindi. Tulikula vizuri.


Jumatano, 17 Aprili

Siku mbaya. Nilitumia silaha kubwa. Wakati wa kifungua kinywa nikamwambia Verlene kwamba Royce Tidwell anatangaza mji mzima kuwa yeye Verlene ameogopa.

Verlene akaweka kijiko chini, akampigia Nadine. Sikutegemea hilo. Nadine akamwita Royce. Royce akasema kwa sauti iliyonifikia hadi kwenye jokofu kwamba hajasema Verlene ameogopa, amesema Hollis, yaani mimi, amezeeka, na isitoshe Hollis mwenyewe ametangaza kanisani kwamba Verlene hapati usingizi kwa hamu. Verlene akamshukuru, akakata simu. Akasema, “Mzee, mimi nalala vizuri tu.” Akaendelea na uji wake.

Nikaenda gereji kubadilisha ndoano kwa hasira. Usibadilishe ndoano kwa hasira. Moja iliingia kwenye dole gumba mpaka kile kijino cha kuizuia isitoke kikazama. Nilijaribu kuitoa kimyakimya, nikasikika mpaka kwa majirani.

Verlene alikuja na kipande cha mshipi mnene. Akakizungusha kwenye pindo la ndoano, akabonyeza shina lake kwenye ngozi, akaniuliza mwalimu wetu wa darasa la tatu aliitwa nani. Nikafungua mdomo kusema Bibi Haggerty. Akavuta. Ikatoka hivihivi, sikuhisi kitu. Akanifunga kitambaa, akakaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa muda mrefu kidogo kuliko kidonda kilivyohitaji. Nilitaka kusema. Nikasema asante, akaingia ndani kukanda mkate.

Basi niseme hapa. Kasia silitaki. Nililitaka, lakini si kama nilivyofikiri. Mashua yangu ina viti viwili. Cha mbele ni chake, bado kina ule mto wa bluu alioushona. Mwaka mzima nimekuwa nikivua huku natazama mto. Nikipata samaki nageuka kumwonyesha mtu, hakuna mtu. Hata nikipata mzuri namrudisha haraka, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Na yule wa Mei naye namuota. Nilimuua kwa ujinga, na sijawahi kumwomba Verlene msamaha, kwa sababu kila nikianza naishia kueleza ile picha ya tisa.

Namkosa mke wangu, na yuko jikoni.


Alhamisi, 18 Aprili

Ushindi!

Asubuhi Verlene alikuja gereji, akakaa mbele ya sanduku la ndoano, akasema atakwenda Jumamosi. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani ni chavua za misonobari, zimezidi mwaka huu. Sharti moja tu: simu ibaki nyumbani. Nikakubali.

Kwa hiyo vile vyambo vya njuga vimefanya kazi, ila kwa kuchelewa. Nilijua. Mwanamke wa uvuvi hawezi kuvumilia kuona zana zinateseka.

Mchana kutwa alipanga zana. Fimbo ngumu akaipa mshipi mnene wa kusukwa, kwa ajili ya kwenye majani. Fimbo laini akaipa vyambo viwili kati ya vyangu kumi na viwili, vilivyobaki akaving'oa ndoano, akawapa paka wachezee. Minyoo ya zambarau akaichoma kwenye ndoano huku ncha ikifichwa ndani ya mnyoo, isinase majani. Alikuwa anaimba kwa pua.


Jumamosi, 20 Aprili

Naandika jioni, mikono bado imekakamaa kwa baridi.

Simu niliichukua. Nilijua kwamba tukishinda bila picha Royce atatusumbua mpaka Krismasi. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuificha ndani ya tangi la samaki, chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia.

Verlene alikaa kwenye mto wa bluu. Kwa saa nzima sikurusha mshipi, nilikuwa namtazama tu. Akaniuliza kama nimekuja kuvua au kupiga ramli.

Saa nne na nusu akamnasa. Fimbo ilipinda hadi majini. Nikamwinua kwa wavu. Mkubwa kuliko wa Mei. Nikalowesha mikono, nikazuia pumzi, dole gumba kwenye mdomo, mkono wa pili chini ya tumbo, moja kwa moja tangini. Verlene aliona kila kitu. Kasia lilikuwa letu.

Kabla ya adhuhuri nikafungua tangi kumchungulia. Alikuwa amelala ubavu. Mfuko wa simu yangu ulikuwa umeziba tundu la pampu, maji hayakuwa yanazunguka.

Nikautoa mfuko. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya mke wangu, simu mkononi, samaki wake anakufa tangini. Kwa mara ya pili. Verlene alitazama simu, akanitazama mimi. Kabla ya kupima kwenye mizani zilibaki saa tatu nzima. Samaki angeweza kufika hai. Angeweza asifike.

Nikapiga magoti ukingoni mwa mashua, nikamteremsha samaki ziwani kwa mikono miwili. Simu ilidondoka hapo. Sikuitafuta. Nikamshika wima, kichwa mbele, nikisubiri matamvua yake yachukue maji. Sijui ni muda gani. Nilikuwa nasema samahani. Mwanzoni nilikuwa namwambia samaki. Kisha nikawa namwambia Verlene, kuhusu Mei, na picha ya tisa sikuitaja.

Mkia ukanipiga kifundo cha mkono, akaenda.

Verlene aliweka kiganja shingoni kwangu na hakukiondoa mpaka tulipofika gatini. Akina Tidwell wamechukua kasia. Tumekuwa wa kumi na moja.


Jumapili, 21 Aprili

Royce alituvizia kwenye ngazi za kanisa. Akasema amesikia habari za samaki mkubwa, akaomba kuona picha, na nilipokosa ya kumwonyesha akasema basi, ameelewa. Nikamwambia samaki alikuwa ratili tisa. Alivyozidi kucheka akawa kumi na moja. Ndipo Verlene, mke ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa daktari wa meno, akafunga mkoba wake na kumwambia Royce kwamba Hollis siku zote hukosea mizani, alikuwa kumi na mbili na nusu.

Sasa mafunzo ya wiki. Vyambo vya njuga vinafanya kazi. Kambare anafanya kazi. Mwanamke lazima azungukwe kwa akili, ukimwambia jambo waziwazi umeharibu. Kwa mashindano yajayo nimeshaandaa mipango mitatu. Simu mpya nitaificha ndani ya mto wa bluu.

Jambo moja tu limenisumbua. Unyoya wa bata nimeukuta kwenye ukurasa wa Jumatano, wakati mimi niliuacha kwenye Jumamosi. Ukurasa una unga wa ngano, na mahali pawili wino umetawanyika kana kwamba umedondokewa na maji. Ni panya. Wametoka jikoni na unga miguuni, hakuna maelezo mengine.

Nimetega mtego kwenye droo, nikamwonya Verlene asije akatia mkono humo. Amenishukuru kwa kumwambia.