Hodi Kwenye Kompyuta ya Mradi

Kahawa ya kwanza haijapoa, Spoku akatushushia habari: kompyuta ya mradi wa mpunga imegoma, na aliyeigomesha ni mwenzetu Kibodi. Spoku ni Sylvanus, fundi baiskeli. Benchi letu la mtaa wa Viwanja Sitini limeegemea banda lake, na habari za watu humfikia kabla ya wenyewe. Mwaka ule wa tisini na nane kompyuta Ifakara zilikuwa za kutafuta, na ile ya mradi ilivishwa kitambaa cha kudarizi kama kochi la wageni.

Kibodi mwenyewe, jina la ubatizo Gaudensi, kijana wa kompyuta pale mradini, alikuwa kakaa katikati yetu, kahawa haigusi.

"Kwani umeifanya nini?" akauliza Gunia, mkulima wa Idete anayekuja mjini kuuza mpunga na kubishana, hasa kubishana.

"Nimewarahisishia kazi," Kibodi akasema. "Mle ndani kuna dirisha jeusi. Unaandika amri mstari mmoja mmoja, inakujibu papo hapo. Sasa ukikosea katikati, unaanza upya toka juu."

"Kama kusali rozari na mama mkwe wangu," Spoku akasema.

"Ndiyo nikaitengeneza. Ukiwa humo humo kwenye dirisha jeusi unaandika neno moja tu, inafunguka edita, programu ya kuandikia. Unaandika kwa raha zako, unasahihisha. Ukiifunga, yote yanarudi kwenye dirisha jeusi na kufanya kazi."

"Neno gani?" nikauliza mimi.

"Hodi."

Mimi ni fundi cherehani, kompyuta siijui, lakini balaa nalijua likiwa bado mbali.

"Maneno yote ya Kiswahili, ukaona hodi?"

"Ili wasisahau. Nikawafundisha ofisi nzima: kabla ya lolote, andika hodi."

"Na hawakuelewa."

"Wameelewa mno, kaka. Edita naiacha wazi, programu yangu ya hesabu za mavuno imo ndani. Nikitoka kula, Edna sekretari anakaa, anaandika hodi. Tayari yuko ndani, lakini anaandika. Mhasibu naye. Dereva kafuata ufunguo tu, kaandika hodi. Kila mmoja anaiweka pale pale kimstari kinapowakawaka, katikati ya hesabu zangu. Kompyuta ikifika kwenye magunia inakutana na hodi, inazira."

"Ustaarabu umekuponza," Gunia akasema. "Ungeweka tusi, nani angeandika?"

"Si uzifute tu hizo hodi?" nikasema.

"Mzee Fulgensi kanitoa kwenye kiti. Anasema yeye ndiye mkuu, atalishughulikia mwenyewe. Na mkataba wangu unaisha leo. Hesabu zisipotoka, hasaini mwingine."

Tukajua kinachomkausha. Ndoa yake na Digna imeshatangazwa kanisani, na baba wa binti alikubali kwa sababu ya mkataba ule ule, maana sura ya Kibodi peke yake isingetosha. Nilimwonea huruma kweli. Hata Spoku aliacha kucheka, akajifanya anakagua tairi.

Edna akatokea na baiskeli, akashuka.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti."

"Kibodi, Mzee anasema usihangaike. Kosa amelipata."

Kibodi akasimama, damu imemrudia usoni. "Amezifuta?"

"Afute salamu za watu? Anasema umefundisha ofisi nzima kubisha hodi, hukumweka hata mmoja wa kuitikia. Mashine lazima igome. Basi amekaa tangu asubuhi, kila penye hodi anaandika karibu."

Gunia akaangalia kahawa yake. Kibodi akakaa tena, taratibu.

"Na mkataba?"

"Uko mezani, kalamu ameshaifungua," Edna akasema, akipanda baiskeli. "Anasubiri mashine iseme starehe, asaini."