Nishani Zangu na Njama za Koplo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeliona faili langu kwa macho yangu. Kuna watu wamekula njama!

Nimefika masijala ya wanajeshi wastaafu asubuhi, nimevaa suti, nimekaa kwenye benchi mpaka suruali ikaninata. Karani wa pale ni mama mpole wa sauti, lakini mihuri anaigonga kama anaua mende. Nimempa jina la Mama Mihuri. Amefungua faili, akasoma: mpishi, jikoni, tangu vita vianze mpaka viishe. Basi! Hakuna habari ya lile daraja la mtoni. Hakuna kipande cha chuma kilichoniingia begani, ambacho mpaka leo kinaniambia mvua inakuja kabla ya redio. Wala hakuna Nishani ya Ushujaa na Nishani ya Majeruhi, zote mbili alizonitangazia kamanda mbele ya kikosi kizima. Nilipiga saluti nikiwa na mwiko mkononi. Nakumbuka vizuri.

Nilikuwa mpishi, sikatai. Lakini siku ile darajani sikuwa napika.

Mama Mihuri ameeleza utaratibu. Jina langu litabandikwa kwenye ubao wa chama chetu cha wastaafu. Yeyote aliyekuwepo aende masijala akatoe ushahidi. Shahidi hatajwi kwa mtu yeyote mpaka siku ya kikao. Nimeuliza hatajwi hata kwangu? Amesema hasa kwako, mzee, ili usimshawishi. Hapa pana namna. Siri ya nini, kama mambo ni safi?

Gwaride la wastaafu ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano. Wenye nishani za vita wanapita katikati ya uwanja. Wengine tunasimama nyuma ya kamba na kupiga makofi. Nimechoka na kamba. Na nimemchoka mwanangu, fundi magari mzima mwenye ndevu zake, aliyewaambia wakwe zake mezani kwangu kwamba baba alipigana na sufuria, na sufuria ikashinda. Wakwe walicheka sana. Nami nilicheka. Inaniuma mpaka leo.

Jumanne, 4 Machi

Jina limebandikwa. Nilijificha nyuma ya gazeti pale chamani nione nani atasoma.

Amesoma Koplo. Nani mwingine! Koplo ni yule mwenye mguu mbovu. Ndiye niliyembeba mgongoni kwenye lile daraja, risasi zikilia, yeye akilia zaidi ya risasi. Asante yake? Miaka michache iliyopita tulikuwa tunacheza drafti, nikapiga chafya, nilipofumbua macho kete yangu ya kingi haipo ubaoni. Tangu hapo salamu zetu ni za kukohoa.

Amesoma tangazo mara mbili. Akatikisa kichwa. Akachukua fimbo yake, akaondoka bila kucheza hata mchezo mmoja. Koplo huyo! Mtu asiyekosa drafti hata akiwa na homa! Anapanga kitu.

Nimemweleza mke wangu. Amesema nenda ukamwombe akutolee ushahidi, yeye ndiye aliyekuwa mgongoni. Eti nikamwombe! Nikimwomba atajua namhitaji. Akijua namhitaji nimekwisha. Nina mpango bora: atatoa ushahidi bila kujua. Nitaazima simu ya mwanangu inayorekodi sauti, niiweke mfukoni, nimpeleke Koplo polepole mpaka aeleze habari ya daraja kwa mdomo wake mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umekwama. Si kosa langu.

Nimekaa karibu na Koplo. Nimekohoa, naye akakohoa. Nikasifu hali ya hewa. Kisha nikasema, kama vile sina habari, kwamba madaraja ya siku hizi si imara kama ya zamani. Akauliza madaraja gani. Nikasema yoyote tu, hasa yale ya kuvukia mito. Akanitazama sana. Akauliza kama nimekunywa dawa zangu. Nikamuuliza, kwa mfano, yeye aliwahi kuvuka daraja namna gani, kwa miguu au vipi. Akasema, “Ndugu yangu, nenda nyumbani ukapumzike.” Ametumia neno ndugu! Mtu hakuiti ndugu ghafla kama hana lake jambo.

Jioni mwanangu amesikiliza rekodi. Yote ni mlio wa tumbo langu. Amecheka mpaka akatoka nje. Sijacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkamata! Karibu nimkamate.

Nimemfuata Koplo tangu mlangoni kwake. Nilivaa koti la mvua la mwanangu, kofia, na miwani ya jua. Yeye alikuwa ameoga, amenyoa, amepiga pasi shati mpaka mikono inasimama. Mtu wa rika lake apige pasi asubuhi aende wapi? Masijala! Ameingia kwa Mama Mihuri, mlango ukafungwa. Nikasimama dirishani, sikusikia kitu ila fimbo yake ikigonga sakafu. Walikaa sana. Alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa leso. Alikuwa anacheka, bila shaka. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa jinsi alivyonichafua!

Nikapiga moyo konde. Alipopinda kona, nikaingia. Nikabadilisha sauti, nikamnong'oneza Mama Mihuri kwamba mzee aliyetoka sasa hivi hajawahi kuwa askari hata siku moja, mguu wenyewe ni wa kuigiza, na lolote alilosema lisiaminiwe. Akaandika. Akauliza jina langu nani. Nikasema niite Mzalendo. Akanitazama juu ya kaunta kwa muda, akasema asante, Mzalendo. Mihuri ikagongwa.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula vizuri. Koplo hanipati tena!

Jumatatu, 10 Machi

Yamenikuta.

Mama Mihuri ameniita masijala. Amesema alijitokeza shahidi mmoja tu, akatoa ushahidi mzuri sana, wa kunipa nishani zote mbili. Nikaruka kwenye kiti. Akasema keti kwanza, mzee. Kwa bahati mbaya amekuja raia mmoja mwema akasema shahidi huyo si askari. Kwa hiyo ushahidi umesimamishwa. Kikao kitaamua keshokutwa, na shahidi asipoaminiwa, faili langu linafungwa. Kabisa. Halifunguliwi tena.

Nikauliza shahidi huyo ni nani. Akasema taratibu haziruhusu. Nikauliza basi anafananaje. Akasema taratibu haziruhusu kusema kama anachechemea au hachechemei.

Nikaondoka bila hata kuaga.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kila kitu, hata habari ya koti. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema, “Baba watoto, mtu amejipigia pasi shati kwa ajili yako. Nenda kwake sasa hivi ukamwambie.” Nimesema nitakwenda. Nimefika hadi kwenye kona ya nyumba yake. Nimerudi. Afadhali nipigwe chuma bega la pili.

Nikapata wazo. Mzalendo ndiye aliyesema, basi Mzalendo ndiye atakayefuta! Saa nane mchana nimerudi masijala, koti la mvua, kofia, miwani. Jua lilikuwa linachoma hata lami. Kabla sijafungua mdomo Mama Mihuri amesema karibu mzee, kikao chako ni Jumatano, na hilo koti litakuua. Nikasema mimi siye. Akasema sawa, lakini kwa faida ya huyo ambaye si wewe, lililokwishaandikwa hafuti karani, linafutwa na kikao tu. Akaniletea maji ya kunywa. Niliyanywa. Sijui kwa nini ananionea huruma. Lazima ana sababu.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Naandika yote maana sitaki kuyasahau.

Mwenyekiti ni Kapteni, kijana rika la kitindamimba wangu. Mama Mihuri kakaa pembeni na mihuri yake. Mwanangu amenileta kwa gari na kwa ubishi wake akaingia ndani. Koplo kakaa mbele, shati lilelile limepigwa pasi upya. Hakunitazama.

Kapteni amemwambia Koplo kuwa kuna mtu amedai yeye hakuwahi kuwa askari. Koplo akauliza ni nani. Kapteni akasoma: anajiita Mzalendo, mzee mwenye koti la mvua na miwani ya jua. Ndipo Koplo akageuka akanitazama. Mimi nikatazama feni. Feni ilikuwa haizunguki. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kweli, kikatoka kikohozi tu.

Koplo akasimama. Akakunja suruali hadi gotini, akainua mguu kwa mikono yake miwili, akauweka juu ya meza ya Kapteni, juu ya karatasi zake. Sijauona mguu ule tangu siku ile. 

Kisha akaeleza. Akasema machela ziliisha, na wenye bunduki walikuwa wameshavuka. Akasema aliyerudi alikuwa mpishi, hana silaha, ananuka vitunguu. Alimbeba, akapigwa bega katikati ya daraja, akapiga magoti, akasimama tena. Yeye Koplo alikuwa analia kwa sauti kubwa akimwita mama yake, na mpishi akamwambia asiponyamaza atamtupa mtoni. Akanyamaza. Alipofikishwa ng'ambo, mpishi akarudi kumchukua mwingine, na damu inamtoka. Akasema miaka yote hii hajawahi kushukuru, kwa sababu kila akitaka kushukuru anasikia jinsi alivyolia, na anaona aibu.

Kapteni akauliza, na huyo Mzalendo? Koplo akateremsha mguu taratibu. “Namfahamu, bwana mkubwa. Ni mtu mwoga wa kuomba. Kitu kingine chochote haogopi.”

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia mbele ya mwanangu.

Kapteni ametia saini. Mama Mihuri amegonga mihuri mpaka kikombe cha kalamu kikaanguka. Nishani zimetolewa kwenye droo ya meza ileile, ndani ya mfuko wa plastiki. Kumbe zilikuwa pale! Kapteni akaliomba na faili la Koplo. Limeandikwa kwamba mguu aliumia alipoteleza bafuni. Bafuni! Tulikuwa tunaoga mtoni, tena tukibahatika! Kapteni akauliza kwa nini hakuomba lirekebishwe apate naye Nishani ya Majeruhi. Koplo akasema lazima awepo mtu aliyeona, na aliyeona ni mmoja tu, na hakutaka kumsumbua. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nashughulika na pini ya nishani, ngumu sana.

Mwanangu amenirudisha kwa gari. Tulipofika akazima gari, hakushuka. Akauliza, “Baba, kweli ulimwambia utamtupa mtoni?” Nikasema kweli, na ningemtupa. Akanishika bega, lile lenye chuma, akasema nisamehe kwa maneno ya sufuria. Nimefurahi. Sina namna nyingine ya kuandika. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepita katikati ya uwanja! Kifua mbele, nishani mbili zinagongana. Mke wangu kapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mwanangu alikuwa anamwambia kila aliye karibu yule ni baba yangu, hata wasiouliza.

Nilipofika karibu na kamba nikamwona Koplo. Kasimama nyuma yake, jua la utosi, anaegemea fimbo. Kanipigia saluti. Nikakosea hatua, wa nyuma yangu akanikanyaga kisigino. Furaha yote ikaingia mchanga. Mtu mwenye mguu ule kusimama nyuma ya kamba! Ni dhuluma, nasema wazi.

Mke wangu amesema jambo ni dogo. Jumatatu uende kwa Mama Mihuri, useme ulichokiona kwa macho yako, urudi kabla chai haijapoa. Nimemwahidi. Nimemwapia kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari siku nzima.

Mtu anaitwa askari bandia. Anajua nani kamwita. Halafu anasimama kumtetea mtu huyohuyo, na mguu anaupandisha mezani. Bure? Hakuna wema wa namna hiyo duniani. Lazima kuna namna.

Na nimeiona! Koplo anahitaji shahidi. Shahidi ni mmoja tu, mimi. Angenipataje? Kwa kunitolea ushahidi kwanza! Shati la pasi, machozi, ndugu yangu, saluti, vyote vimepangwa toka mwanzo. Anataka nimwonee huruma. Na nimemwonea! Hapo ndipo ujanja wake ulipo.

Nitamtolea ushahidi, hilo halina mjadala. Mimi ni mtu wa haki, na mguu ule niliubeba mwenyewe. Lakini siwezi kwenda kichwakichwa. Kwanza nimchunguze nijue alichokificha. Mke wangu ameniuliza mbona natembeatembea sebuleni. Nimemwambia miguu inaniwasha.

Kesho asubuhi na mapema napita kwa Mama Mihuri. Nitamnong'oneza tu, kwa siri, kwamba Koplo akija kuomba faili lake lirekebishwe, asimwamini kwanza, mpaka nimalize uchunguzi wangu. Amesubiri miaka yote hii. Miezi miwili mitatu zaidi haitamdhuru.