Makumbusho Yaliyowalipa Watazamaji

Hilali Athuman aligundua sanaa mwezi Julai mwaka 1973, kwenye mgahawa mmoja wa Kigoma, alipomwona Mzungu akimlipa mpishi shilingi mia mbili kwa kigoda alichokuwa amekikalia akimenya viazi. Kabla ya hapo Hilali alikuwa na fani nyingine: aliwauzia wenye mabati bima ya radi, na wasiojua kusoma miwani ya kusomea. Alimfuata Mzungu hadi mlangoni, akamuuliza anahitaji vigoda vingapi. Mzungu, aliyesema Kiswahili kizuri kuliko cha mpishi, akajibu kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata atakuwa Kasulu na Land Rover, na atanunua kila kitu cha zamani, mradi mwenye mali awepo.

Hilali alikuwa na upungufu mmoja tu: hakuwa na kitu chochote cha zamani. Kununua kunahitaji fedha. Kuiba kunahitaji miguu, na ya kwake ilikwisha kuchoka. Akachagua njia ya tatu, ambayo watu wenye heshima kuliko yeye wameitumia: akaanzisha taasisi ya umma.

Kasulu alishuka na suti ya Kaunda na cheo kipya, Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa la Umma, mtaalamu wa mila za Waha. Alikuwa mzaliwa wa Tabora, na aliyoyajua kuhusu mila za Waha yangeenea nyuma ya tiketi ya basi.

Mtu wa kwanza kuguswa na sanaa alikuwa Abdalah, mwenye duka kubwa na ghala tupu uani.

"Umma utaingia bure?" aliuliza Abdalah.

"Bure kabisa, mzee."

"Na watapita mbele ya duka langu?"

"Njia nyingine hakuna."

"Basi mimi sanaa naipenda tangu utoto," alisema Abdalah. Akatoa ghala na shilingi mia nne za uendeshaji, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe mlangoni kwa herufi kubwa kuliko za neno "sanaa".

Hilali alitangaza sokoni kwamba vitu vya mababu vitahifadhiwa milele. Milele, kwa hesabu yake, ilikuwa inaisha Jumamosi saa nne asubuhi.

Mama Maximilla wa Rungwe Mpya alileta chombo cha mti cha kukamulia maziwa, kilicholainishwa na mikono ya bibi zake. Alimtazama mkurugenzi kwa muda, kuanzia viatu.

"Ndugu, nakukabidhi hiki kama ng'ombe wa kugabirwa. Taratibu zake unazijua?"

Mtaalamu wa mila haulizi mila. "Mama," alisema Hilali, "mimi ndiye ninayezifundisha."

"Aa, basi tumepata mtu."

Kesho yake alirudi na wakwe zake wawili, wakaketi. "Nimekuja kumwona ng'ombe wangu." Akachungulia nyuma ya mlango. "Naona mtungi bado haujafika."

Msomaji aelezwe. Huko, mtu akimgabira, yaani akimkabidhi, mwenzake ng'ombe amtunzie, ana haki ya kuja kumtazama siku yoyote, na mtunzaji humpokea kwa pombe. Tena ng'ombe hahamishwi bila mwenyewe kushika kamba. Desturi hiyo ni ya ng'ombe. Tangu dunia iumbwe haijawahi kuhusu kigoda wala chombo cha maziwa, na kila mtu Kasulu alilijua hilo isipokuwa mtaalamu, ambaye alitikisa kichwa kwa hekima na kuagiza mtungi.

Siku hiyo hiyo vitu vikaanza kumiminika. Kufikia Jumatano vilikuwa arobaini na sita, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, shemeji na jirani. Lori la Kibondo lilileta wapenzi wa sanaa kumi na mmoja kwa mkupuo. Kasulu ikawa na makumbusho ambayo mtazamaji hulipwa ili aingie, na mahudhurio, kama inavyotarajiwa, yalikuwa ya kuridhisha. Fedha za uendeshaji zilikauka Jumatano jioni. Alhamisi Hilali aliuza saa. Ijumaa aliuza koti la suti.

"Jamani, sanaa haitazamwi kila siku," alilalamika. "Inachoka!"

"Wangu hachoki," alisema Bazilio, mchongaji wa Kitahana, akipapasa mgongoni kimoja kati ya vigoda vyake vitatu. "Ila amekonda. Unamlisha kweli?"

Abdalah naye alikuja na malalamiko. Umma ulipita mbele ya duka, kweli, lakini ukiingia ulikuwa na haraka, na ukitoka ulikuwa hauoni duka.

Hilali alivumilia. Jumamosi moja ingelipa yote.

Land Rover ilifika saa nne kamili. Hilali alitoka kuipokea akiwa na fulana, akageuka kuamuru mali ipakiwe, akakuta kila kitu kimefungwa kamba, na kila kamba imeshikwa.

"Mwenye mali ni nani?" aliuliza Mzungu.

Kamba arobaini na sita zikainuliwa.

Mama Maximilla hakuuza. Alikumbatia chombo chake, kilichokuwa kimekinywesha kijiji kizima. Wengine nao wakatikisa vichwa. Bazilio peke yake alisogeza vigoda vyake vitatu, vyeusi kwa moshi, vinang'aa kwa samli. Mzungu akavigeuzageuza kwa mashaka.

"Vina miaka mingapi?"

"Sisi wakulima tutajuaje?" alisema Maximilla. "Mtaalamu yupo. Akisema yeye, nani abishe?"

Hilali alitazama vigoda. Alitazama vipande vya mbao vilivyonasa kwenye nywele za Bazilio. Akautazama umma, uliokuwa mwingi na uliokunywa. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kusema uongo kwa faida ya mtu mwingine.

"Miaka mia moja hamsini," alisema kwa sauti ndogo. "Vimekaliwa na watwale, machifu wa huku, watatu."

"Wanne, ndugu," alisema Bazilio. "Umemsahau babu yangu."

Mzungu akamhesabia Bazilio mia sita, na kwa shukrani akampa mtaalamu nafasi ya kurudi naye Kigoma, iwapo atapakata kigoda kimoja njia nzima kisije kikavunjika. Hilali akapanda. Samli ilianza kuingia kwenye suruali kabla injini haijawaka.

Mama Maximilla akasogea dirishani, akamtia ncha ya kamba mkononi.

"Mshike vizuri, mwanangu," alimnong'oneza. "Bado ni ndama."